Irja wa Saluni na Sauti ya Kuazima

Irja Haapala alitengeneza nywele za watu wa mji wetu tangu alipokuwa msichana mpaka alipostaafu, na muda wote huo hakunyamaza. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, na dirisha lake lilitazama ghuba, ambayo nusu ya mwaka ni barafu tupu. Ukienda kukatwa nywele ulitoka na nywele fupi na habari ndefu. Alijua nani kachumbiwa, nani kaachwa, na nani kamnunulia mkewe mashine ya kufulia kwa sababu ameshindwa kumwomba radhi kwa mdomo. Watu wa huku kaskazini si wasemaji. Wanaume wawili wanaweza kukaa sauna, kile chumba cha kujifukiza mvuke, jioni nzima, mmoja akasema neno moja tu, nalo likawa la kuuliza kama amwagie mawe maji zaidi. Irja alikuwa anaongea kwa niaba yetu sote.

Kiharusi kilimpata miaka michache baada ya kustaafu, mwezi wa Novemba, akiwa mlangoni kwake anakung'uta theluji kwenye buti. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakaondoka. Akili ilibaki nzima. Ukimweleza jambo alikuelewa, ukimtania alicheka, lakini alipofungua kinywa ajibu, lilitoka neno moja tu: joo. Yaani ndiyo. Hata alipotaka kukataa alisema joo, huku akitikisa kichwa na kujikasirikia mwenyewe.

Mimi nilikuwa mpishi wa kituo cha mchana, mahali ambapo wazee na wagonjwa wa mji huletwa asubuhi na teksi ya manispaa, wakala, wakafanya mazoezi, wakarudishwa kwao alasiri. Irja alipoanza kuja, alikaa karibu na dirisha la jikoni akiniangalia nikikanda mkate. Nilimwongelesha. Alikuwa ameosha na kukata nywele za mama yangu mpaka mama alipofariki, kwa hiyo hatukuwa wageni. Ila nilichoka kusikia sauti yangu peke yake, na yeye aliliona hilo. Akawa anahamia pembeni, ili asinichoshe.

Msimamizi wetu alikuwa Päivi, mwanamke mrefu mwenye hatua za haraka, asiyependa kuona mtu amewekwa pembeni. Ndiye aliyefikiria habari ya kompyuta.

Kompyuta ya kituo ilikuwa moja, ya watu wote. Manispaa iliagiza kila mtu aingie kwa jina lake na neno lake la siri, mambo ya mtu yasije yakasomwa na mwingine. Kwa hiyo, ingawa kompyuta ni moja, kila aliyeingia alikuta vitu vyake: picha za wajukuu, barua zake, mchezo wake wa karata ulioachwa katikati. Na kwenye vitu vya Oiva Pernu palikuwa na programu ya kusema.

Oiva alikuwa dereva wa kreni katika kiwanda cha chuma. Yeye naye alipigwa na kiharusi, lakini chake kiliharibu ulimi na kuacha herufi. Alijua kuandika, kusema ndiko kulikomshinda. Binti yake Satu, anayeishi Turku, alikuja likizo moja akamwekea programu ile, ya bure. Ukigusa picha ya kahawa, inasema kahawa. Ukiandika sentensi, inaisoma kwa sauti, na ukiipenda unaihifadhi, siku nyingine unaigusa tu. Oiva, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, alihifadhi sentensi nyingi ajabu. Mtu ambaye alipokuwa mzima hakuna aliyemjua kwa maneno, sasa alikuwa na maneno kuliko sisi. "Naomba kahawa, si maji ya kuoshea vyombo." Hiyo ilikuwa yangu mimi, mpikaji kahawa. "Niliendesha kreni maisha yangu yote na sikumwangushia mtu kitu, kwa hiyo usinishike mkono." Hiyo alimwambia kila mtu. Na ile aliyoipenda kuliko zote: "Marehemu mke wangu Kerttu alikuwa mzuri kuliko wako."

Päivi alipomwona Irja akizitazama picha zile, alielewa kwamba zingemfaa. Akamwingiza Irja kwa jina lake. Programu haikuwepo. Akatafuta huku na huku, haipo. Iliwekwa kwa Oiva peke yake.

Basi wakafanya kama watu wanavyofanya. Oiva aliingia kwa jina lake, akasimama, akamwachia Irja kiti. Wengine wawili watatu waliopungukiwa maneno wakafuata. Oiva hakuwahi kunung'unika. Nadhani alipenda kuona foleni ikisimama kwenye kiti chake. Lakini sauti ilikuwa ya mwanamume, na sentensi zilikuwa za Oiva. Irja alikuwa anatafuta picha ya supu, anateleza kidole, na kompyuta inatangazia ukumbi mzima kwamba marehemu mke wake alikuwa mzuri kuliko wako. Tulicheka sana siku hizo, naye akicheka nasi.

Mpaka siku alipokuja dada yake.

Maire, dada mdogo wa Irja, anakaa Oulu, na hakuwa amemwona tangu Krismasi. Irja alimpeleka mbele ya kompyuta kwa fahari, akamkalisha. Alitaka kumwonyesha kwamba sasa anasema. Akagusa picha ya kwanza juu, yenye mtu aliyejishika kifua, na ile sauti nzito ya kiume ikasema:

"Mimi ni Oiva Pernu."

Maire alicheka mpaka akafuta macho. Irja naye alicheka. Halafu akaigusa tena, kama mtu anayedhani amekosea, na ikasema vilevile. Akageuza uso dirishani. Nilikuwa natoa vikombe mezani, nikaona mabega yake yanatetemeka, na kwa muda sikujua kama bado ni kicheko. Maire alijua kabla yangu. Alimkumbatia kwa nyuma, akaweka kidevu juu ya kichwa chake, wakakaa hivyo kahawa ikapoa.

Päivi alikuwa amesimama mlangoni. Kabla Maire hajapanda basi la kurudi, Päivi alikuwa kwenye simu na fundi wa kompyuta.

Fundi huyo, Jouni, alihudumia vituo vyote vya upande wetu akiwa mji wa pili, na mambo mengi aliyarekebisha kutoka hukohuko mezani kwake. Alieleza kwamba kompyuta, unapoiwekea programu, hukuuliza kama ni ya kwako tu au ya wote wanaoitumia. Ili iwe ya wote lazima uwe na neno la siri la msimamizi, na Satu hakuwa nalo, kwa hiyo aliweka ya baba yake tu. Si kosa lake. Akasema atashughulikia, na kweli, kesho yake kila aliyeingia alikuta alama ya programu ile kwenye skrini yake. Irja aliigusa. Yakatokea maandishi tu, programu haikufunguka. Päivi akarudi kwenye simu.

"Alama ipo, dada," Jouni akamwambia. "Bonyeza tu."

"Nimeshabonyeza. Inasema hana ruhusa. Jouni, mama wa watu ameshasukwasukwa vya kutosha. Njoo mwenyewe."

Akaja, siku ya baridi kali, masikio mekundu. Alikuwa kijana mpole, mwenye kuomba samahani hata kwa viti. Aliangalia, akakuna kichwa. Alama aliyokuwa ameiweka ilikuwa njia tu. Programu yenyewe bado ilikaa ndani ya vitu vya Oiva, na huko hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuingia. Ilibidi iondolewe pale kabisa, iwekwe upya mahali pa wote.

Päivi hakutaka kulifanya hilo bila ya mwenyewe kukubali. Akachuchumaa mbele ya kiti cha Oiva, akamweleza. Oiva aliandika taratibu, na kompyuta ikasoma:

"Na maneno yangu?"

"Nayanakili kwanza, mzee," Jouni akasema. "Tukimaliza nayarudisha. Hutapoteza kitu."

Oiva akamtazama Irja, aliyekuwa amesimama nyuma ya Päivi na fimbo yake. Akaandika neno moja. "Fanya."

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Nilikuwa bado sijaepua supu ya samaki nilipomsikia Päivi akiniita. Irja alikuwa ameingia kwa jina lake mwenyewe, na safari hii programu ilifunguka. Kwanza ilitaka achague sauti. Alisikiliza ya msichana, akaipungia mkono iende. Akasikiliza nyingine, akakunja uso. Ya tatu ilikuwa ya mwanamke wa makamo, yenye ukwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyetoka kuongea sana. Hapo akatulia. Päivi akamwandikia jina lake chini ya ile picha ya kwanza, akajitoa. Irja akagusa.

"Mimi ni Irja Haapala."

Akagusa tena. Akagusa tena na tena, na sisi tukasimama tu, mimi na mwiko wangu mkononi, na hakuna aliyemwambia basi.

Halafu ikawa zamu ya Oiva, kurudishiwa yake. Aliingia, programu ikafunguka vizuri. Picha zote zilikuwepo. Sentensi hazikuwepo hata moja. Jouni alitafuta, akarudia kutafuta, na shingo yake ikawa inabadilika rangi. Alikuwa amenakili barua na picha za Oiva, akidhani sentensi zimo humo. Kumbe zilikuwa zinakaa ndani ya programu yenyewe, na ilipoondolewa zikaondoka nayo. Akampigia Satu huko Turku. Satu hakuwa na nakala. Jouni akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na Oiva.

"Mzee, ni mimi niliyekosea. Nilikuambia hutapoteza kitu, na umepoteza."

Oiva alimpigapiga goti, kama anayemwambia asihangaike. Kisha akachukua kofia yake, akaenda kukaa ukumbini kwenye viti vya mlangoni kungoja teksi, ingawa teksi ilikuwa bado sana. Supu hakuitaka. Kesho yake hakuja. Wiki hiyo yote hakuja.

Päivi alimwendea nyumbani. Oiva alimkaribisha, akamtengenezea kahawa, akamsikiliza, na kila alipoombwa arudi alitikisa kichwa. Päivi aliporudi alinisimulia jikoni, na Irja alikuwa pale dirishani anasikia. Tulikuwa na aibu, sote. Tulimnyang'anya mtu mmoja ili wengine wapate, na huyo mmoja hakuwa ametukatalia.

Irja akanyanyuka, akaenda kwenye kompyuta, akaingia kwa jina lake. Akagusa kahawa. Akagusa maji. Akagusa sahani.

"Unataka kahawa, Irja?" Päivi akauliza.

"Joo," akasema, akitikisa kichwa kwa hasira. Akarudia: kahawa, maji, sahani. Akaninyooshea kidole mimi. Tena kahawa, maji, sahani.

Mimi ndiye niliyefahamu, kwa sababu ile sentensi ilinichoma kwa miezi mingi. "Naomba kahawa, si maji ya kuoshea vyombo," nikasema. "Anasema ya Oiva."

Irja akafumba macho, akashusha pumzi. Joo. Safari hii kichwa nacho kilikubali.

Hapo tukagundua kwamba hazikuwa zimepotea. Wale wote waliokuwa wakikaa kwenye kiti cha Oiva na kusema kwa kinywa chake walikuwa wamezisikia mpaka zikawakaa kichwani. Päivi akaanza kuandika. Mmoja alikumbuka ya kreni, mwingine ile ya goti lake linalotabiri hali ya hewa. Wanaojua kuongea walizitamka, wasioweza waligusa picha, na Irja alisimamia kazi hiyo kama alivyokuwa akisimamia saluni siku ya kuamkia Krismasi. Ikitamkwa vibaya alipiga meza kwa mkono wake mzima. Kulikuwa na ubishi mkali juu ya ile ya Kerttu, kama ni "mzuri" au "mzuri sana". Mwisho tukaacha "mzuri". Jouni akazihamishia kwa Oiva kutoka mezani kwake, na alipiga simu mara mbili kuuliza kama kweli zinaonekana.

Ilibaki kumleta mwenyewe. Päivi alitaka kupiga simu, lakini Irja akamshika mkono. Wakapanga wawili hao, kisha Päivi akaisogeza simu karibu na kompyuta. Tangu Novemba ile Irja hakuwa amezungumza na mtu yeyote kwa simu. Angesema nini, zaidi ya joo? Upande wa pili Oiva akapokea, akatoa ile sauti yake ya kukoroma. Irja akagusa skrini.

"Oiva. Huyu ni Irja. Njoo kesho."

Ukaja mkoromo mmoja mfupi, na simu ikakatwa. Päivi hakujua maana yake. Kesho yake Oiva akashuka kwenye teksi na kofia yake, akapita bila kututazama, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Akaigusa sentensi ya kwanza, akasikiliza. Akaigusa ya pili. Akazipitia zote, taratibu. Moja tulikuwa tumeikosea. Aliirekebisha kwa kidole chake, herufi kwa herufi, na nikaona mabega yake yakiruka. Alikuwa anacheka.

Nilidhani ndiyo imekwisha. Lakini Irja alimwashiria ampishe. Akaingia kwa jina lake, akafungua kitu ambacho yeye na Päivi walikuwa wamekihangaikia alasiri kadhaa, wakitafuta herufi moja moja, bila kutuambia. Akamtazama Oiva kwanza, kisha akagusa.

"Kerttu alikuwa mteja wangu. Kila mwaka kabla ya Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, alikaa kwenye kiti changu. Nilikuwa namuuliza, huyo mumeo mbona haongei? Akasema, haongei, lakini kila asubuhi ananiwashia jiko kabla sijaamka, nisikanyage sakafu ya baridi. Akasema, hao wenye maneno wachukue wengine."

Oiva hakuwa anajua kwamba mkewe alikuwa akimtaja popote. Kwa muda wote ule Irja alikuwa na habari hiyo kifuani, na hakuwa na namna. Kila alipokaa pale kuisema, alikuwa anakaa kama Oiva, na Oiva hawezi kuletewa salamu za mkewe na Oiva mwenyewe.

Oiva hakwenda kuingia kwa jina lake ili ajibu. Aliinama tu kwenye kompyuta ya Irja, akatafuta herufi, na ikasoma kwa ile sauti ya mwanamke yenye ukwaruzo:

"Tena."

Irja akairudia. Nikaingia jikoni nikafunga mlango, kwa sababu kuna mambo si ya kusimamiwa na mpishi.

Tangu hapo, huku herufi za Irja zikirudi kidogo kidogo, wakawa wanakaa pamoja, mmoja akiingia, anasema lake, anatoka, mwenzake anaingia, na mazungumzo ya dakika chache yanachukua asubuhi. Wakati theluji inaanza kuyeyuka, Oiva alikuwa na nywele zimemfunika masikio. Irja akamwambia mbele ya watu, "Unafanana na kondoo." Oiva akajibu kwa jina lake kwamba kinyozi wake ameacha kazi. Basi wakamkalisha katikati ya ukumbi na taulo shingoni, Päivi akashika mkasi, ambao hajawahi kuushika kwa kazi hiyo, na Irja akaketi kwenye kompyuta akiamuru. "Nyuma ya sikio zaidi." "Hapo basi." "Päivi, hiyo ni ngozi." Nywele zilitoka zimepanda upande mmoja kushinda wa pili. Oiva alijitazama kwenye kioo cha choo, akarudi, akaandika kwamba amewahi kulipia unyoaji mbaya kuliko huo.

Irja alikaa nasi miaka mitatu mingine. Maneno ya kinywani yalirudi machache: jina la dada yake, jina langu siku nyingine, na tusi moja ambalo Päivi alilazimika kumwomba alipunguze. Mengine yote aliyasema kwa ile sauti aliyoichagua. Baadaye Maire alimchukua Oulu, na ndiko alikofariki, usingizini, mwezi wa Agosti. Tulikwenda mazikoni kwa gari la Päivi, mimi, Oiva na Jouni, aliyeomba likizo ya siku hiyo. Njiani tulisimama kununua kahawa. Oiva alionja yake, akanitazama, akaweka kikombe chini. Sikuhitaji kompyuta kumwelewa.